Kwa Nini Mwaka Huu Tunaomba Plau na Si Trekta la Pili
(Maneno ya Mweka Hazina katika mkutano wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kwa nini bajeti hii haina trekta la pili, wakati mwaka jana ukumbi mzima ulilipigia makofi. Mimi ni mhasibu. Mambo ya injini nayajua kupitia risiti, na katika faili la trekta letu dogo risiti kubwa kuliko zote ni ya kufungua injini. Imeipita dizeli, imeupita na mshahara wa dereva. Nilikwenda kwa fundi aliyeifungua nikakaa naye mpaka nikaelewa, maana ni vigumu kuwaomba watu fedha kwa jambo usiloweza kulieleza.

Fundi alinionyesha beringi za krenki. Zimesagika, na chanzo ni kukosa oili. Dereva aliapa kwamba oili ilikuwepo, na alisema kweli: ilikuwepo, ila upande mwingine. Oili hukaa chini ya injini kama maji kwenye beseni. Pampu huinyonya kwa bomba moja, kisha huisukuma kwenda kwenye beringi. Ukiinamisha beseni, maji hukimbilia upande mmoja. Injini ikilala ubavu, oili huhama, bomba likabaki linanyonya hewa, na vyuma vinasuguana vikavu. Injini ndogo nyingi za silinda moja hata pampu hazina. Zina kijiko kinachochota oili na kuirusha juu. Oili ikihama, kijiko hakichoti kitu.

Sasa, trekta likilima kwa plau, tairi za upande mmoja hupita ndani ya mfereji uliolimwa mzunguko uliopita. Tuseme kutoka tairi la kushoto hadi la kulia ni sentimita 90, na mfereji una kina cha sentimita 18. Trekta hilo limelala nyuzi 11 hivi, na hapo shamba ni tambarare kama Usangu. Sisi kwetu tambarare iko wapi? Chukua mteremko wa nyuzi 10, ambao nyumbani tunauita shamba zuri. Tairi la mferejini likiwa upande wa bondeni, nyuzi zinajumlishwa: 21. Hapo injini inaweza kunyimwa oili, na dereva mwenyewe yuko hatarini kupinduka. Tairi hilo likiwa upande wa mlimani, nyuzi zinapunguzana, na trekta linakaa karibu sawa. Mteremko ni uleule na mashine ni ileile.

Plau yetu hugeuza udongo upande wa kulia tu, na tairi linalopita mferejini ni la kulia. Dereva akikata mteremko huku mlima ukiwa kulia kwake, udongo unapanda juu na trekta limekaa vizuri. Akifika mwisho wa shamba akageuka kurudi akilima, kulia kwake sasa ni bondeni: udongo unatupwa chini na injini imelala. Nusu ya kazi yote tuliyowafanyia wakulima tuliifanya hivyo. Na udongo unaoshushwa kila msimu haurudi. Wenye mashamba ya viazi wanajua rutuba yao imeishia wapi.

Zipo plau za kugeuza, zenye majembe ya pande mbili. Dereva akifika mwisho anaigeuza plau, na udongo unaendelea kutupwa upande wa mlimani aendapo na arudipo. Anaanzia juu ya shamba na kushuka mfereji kwa mfereji, tairi la mlimani likiwa ndani ya mfereji kila mara. Hiyo ndiyo ninayoiombea fedha. Mpaka ipatikane, kamati imemwagiza dereva alime njia moja tu na kurudi plau ikiwa imeinuliwa. Ndiyo, dizeli ya kurudi bila kulima inauma, nami ndiye ninayeiandika. Lakini nimeziweka risiti mbili mezani, ya dizeli na ya injini, na sihitaji kikokotoo.

Kuna ndugu aliyeshauri tujaze oili kupita alama ili isikauke kamwe. Hapana, mjomba. Oili ikizidi, krenki huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Nyingine hupanda ikaungua, ndiyo ule moshi wa bluu. Oili ijazwe mpaka kwenye alama, ipimwe trekta likiwa limesimama mahali sawa, injini imezimwa dakika kadhaa. Kuipima mtelemkoni ni kujidanganya kwa kijiti. Asubuhi za Juni na Julai, oili ikiwa nzito kwa baridi, injini iachwe ingurume taratibu kabla ya kubebeshwa plau. Na kitabu cha trekta hueleza mwinamo wa mwisho ambao injini inavumilia. Chetu kilikuwa kabatini kwenye nailoni yake. Sasa kiko kwa dereva.

Kuhusu trekta la pili: tukilinunua leo na plau ya aina ileile, tutakuwa na injini mbili zinazolala ubavu. Siwezi kuweka sahihi yangu hapo. Naomba mwaka huu tuchange mambo mawili: plau ya kugeuza, na akaunti ya matengenezo ambayo haitaguswa kwa misiba, harusi wala nauli za kamati. Mapato ya kila shamba litakalolimwa yataikatia fungu akaunti hiyo kabla ya matumizi mengine, na taarifa yake nitaisoma hapa kila mwaka, risiti kwa risiti.

Fomu za ahadi ziko mezani kwenu. Anayeahidi aandike na mwezi wa kutimiza, tafadhali, kwa sababu ahadi zisizo na mwezi ninazo nyingi tayari. Naomba tuanze na meza ya wazee.