Lulu Haina Bei Moja

(Maneno ya kamati ya biashara siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Kamati tumeombwa tuseme machache juu ya bei ya lulu, maana kila tukivuna ndiyo inayotugombanisha: "Mbona fulani kauza zaidi?"

Kwanza tujue kuwa lulu hazifanani. Za maji baridi nyingi hutoka China. Kombe mmoja tu wa maji baridi huweza kutoa lulu makumi kwa mara moja, ndiyo maana zinauzwa rahisi. Chaza wa baharini, kama akoya wa Japani, hubeba moja au mbili tu, na wengine hufa kabla ya kuvunwa. Sisi huku Unguja twabandika vidonge ndani ya gamba la chaza, twangoja miezi tisa hadi mwaka, tupate lulu nusu. Mjapani Kokichi Mikimoto naye alianza na lulu nusu, mwaka 1893. Lakini tusidanganyane: lulu nusu haifikii bei ya lulu duara.

Mnunuzi anatazama nini? Mng'ao kwanza, halafu ukubwa, umbo, rangi na usafi. Mng'ao unataka utando mzito, na utando unataka muda. Ukivuna mapema, umekata bei yako mwenyewe.

Tena soko lina bamvua na maji mafu. Wafugaji wa Tahiti walizalisha mno mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ikaanguka, mashamba mengi yakafungwa. Mwaka 2023 wanunuzi wa China walirudi kwa nguvu baada ya korona, lulu zikawa chache, bei ikapanda. Aliyekuwa na mzigo mzuri mkononi alifaidi.

Na sisi je? Tunakumbuka mchuuzi aliyetujia wakati wa kufungua shule. Alitaka zote fungu moja, nzuri na mbaya, bei moja. Wenye shida waliuza. Waliokopa kwenye sanduku letu walilipa shule, wakangoja, wakapanga madaraja, nzuri zikaenda kwa sonara zikawa vidani na hereni. Hao ndio waliopata faida, na mkopo wakarudisha.

Basi akina mama, kamati tunaomba matatu. Tusivune kabla ya wakati. Tupange madaraja kwa pamoja, mchana, penye mwanga. Na mtu akibanwa na shida, aje kwenye sanduku kabla hajaenda kwa mchuuzi. Hisa zetu za kila wiki si za kuzikana na kuozana tu, ndizo zinazotupa nguvu ya kusema, "Kwa bei hiyo, hatuuzi."

Mwenye shida hapangi bei. Tusaidiane tusiwe na shida siku ya soko.