Tusivunje Vibanda vya Gemu Kabla ya Kusikiliza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mugumu)

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma:

Nimeombwa niseme juu ya gemu za kompyuta na maisha ya vijana wetu. Toka Tarime mpaka hapa Serengeti nasikia wazazi wakisema neno moja: "Vibanda vya gemu vifungwe vyote!" Hasira hiyo naijua. Lakini wazee wetu waketipo katika ritongo hawamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Basi na gemu tuisikilize.

Kwanza, mchezo si uhuni. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa mkoa huu wetu, alipenda kucheza bao, na bao ni hesabu. Gemu nyingi nazo zataka hesabu na subira. Mwaka 2014 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford alitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wapatao 5,000 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 10 mpaka 15. Waliocheza chini ya saa moja kwa siku walikuwa na hali njema kuliko hata wasiocheza kabisa. Waliozidisha saa tatu walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini tofauti yenyewe, kwa pande zote mbili, ilikuwa ndogo. Yaani gemu peke yake haimjengi mtoto wala haimbomoi.

Pili, madhara yapo. Shirika la Afya Duniani lilitia uraibu wa gemu katika orodha ya maradhi mwaka 2019, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Lakini si kila achezaye ni mgonjwa. Mgonjwa ni yule aliyeshindwa kujizuia, akaiweka gemu mbele ya masomo na jamaa zake, akaendelea ijapokuwa aiona hasara, na hali hiyo kwa kawaida ikadumu mwaka mzima. China iliamuru mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wasicheze gemu za mtandao ila saa moja tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Serikali yaweza kufunga mtambo, lakini haiwezi kumpa mtoto rafiki.

Tatu, tuulize: kijana aendaye kibandani amekimbia nini? Mimi niliyesomea ualimu nilimtoa mdogo wangu kibandani kwa fimbo. Siku mbili baadaye nikamwuliza kwa upole. Akaniambia amefeli hesabu, naye aliogopa kurudi nyumbani mapema asije akaulizwa. Niliona aibu. Kosa lilikuwa hesabu, nami nilikuwa nimeipiga gemu.

Huko Nyamongo wako watoto waachao daftari wakafuata mawe ya dhahabu. Mtoto wa namna hiyo akiketi jioni mbele ya gemu, je, gemu ndiyo iliyomtoa shule?

Na mabinti je? Nimechungulia vibanda vingi, wasichana ni wa kuhesabu. Binti atokapo shule ashika ndoo, kisha jembe, na mdogo wake mgongoni. Saa yake ya kucheza imekwenda wapi? Tukisema hali njema ya vijana, nasi twahesabu wavulana peke yao, twajidanganya.

Nne, tusichanganye gemu na dubwi. Mashine ile ilayo sarafu si gemu, ni kamari, na sheria ya nchi yakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18. Hapo sina huruma.

Basi nawaombeni mambo manne. Moja: wazazi na wenye vibanda waketi wapatane, asiingie mwanafunzi saa za masomo, na vibanda vifungwe mapema, kwa kuwa kijana wa umri huu ahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Pili: penye dubwi na mtoto, habari ifike serikali ya kijiji na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tatu: kila tawi letu litafute kiwanja, tukisafishe kwa mikono yetu, na jioni mbili kwa juma ziwe za wasichana. Siku hizo ndoo zichukuliwe na kaka zao. Nne: kila mzazi amwulize mwanawe habari zake kabla ya kushika fimbo.

Ndugu zangu, kuvunja kibanda ni kazi ya dakika kumi. Kumlea kijana ni kazi ya miaka, nayo ndiyo kazi ya Chama. Jumamosi nitakuja na jembe langu kwenye kiwanja. Nawangojeni.

Uhuru na Kazi!