Hotuba juu ya Kuwaongoza Wanafunzi Wadogo, Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Maua



Twashukuru kupewa nafasi ya kunena juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu. Kijana wetu mmoja asomaye elimu ya uchumi katika chuo kikuu hurejea Maua kila likizo, na badala ya kupumzika huwakusanya wanafunzi wa sekondari jioni na kuwasaidia katika masomo yao. Halipwi kitu. Hatumtaji jina, kwa kuwa hapendi kusifiwa mkutanoni. Lakini kazi yake yapasa kuandikwa katika taarifa yetu.

Wapo waliouliza: mtu wa vitabu atawafundisha nini watoto waliozaliwa katika mashamba ya miraa? Jibu ni kwamba yeye huanzia huko huko shambani. Huwaambia waandike mapato ya siku ya mvulana aliyeacha shule ili achume miraa, kisha huwauliza: je, soko likifungwa? Swali hilo si la kubuni. Mwaka 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, na soko tulilolizoea likatoweka. Machi 2020 Somalia ilizuia miraa yetu kuingia, wala haikufungua mlango hadi Julai 2022. Mwenye shamba aliumia, lakini aliyeumia zaidi ni kijana mchumaji asiyekuwa na shamba wala cheti. Watoto wakiifanya hesabu hiyo kwa mikono yao, huielewa kuliko wanapokemewa.

Hatusemi kwamba miraa ni adui. Karo za wengi wa wana wetu zimetoka katika miti hiyo. Lakini ile mikongwe tuliyorithi, tuiitayo mbaine, haikukomaa kwa msimu mmoja, na wengi walioipanda hawakuishi kuona vizazi vyote vilivyoichuma. Elimu nayo ni vivyo hivyo.

Mzee mmoja alisema kwamba wenye shahada nao wapo barazani bila kazi. Hayo ni kweli, wala hatuyafichi. Cheti peke yake hakimlishi mtu. Hata hivyo, ajuaye kuweka hesabu, kusoma mkataba na kuungana na wenziwe katika ushirika hadanganywi upesi na dalali. Faida hiyo hubaki hata kama ofisi hazina nafasi.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Bernard Mate wa Meru alikuwa mwalimu kabla ya kuchaguliwa mwaka 1957 kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwai Kibaki, mwana wa mkulima wa Othaya, alihitimu uchumi Makerere mwaka 1955 kwa daraja la kwanza, akaendelea na masomo London, kisha akarudi Makerere kuwafundisha waliomfuata. Alipokuwa Rais, mwezi Januari 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Aliyewahi kuwashika mkono wachache aliwafungulia mlango wengi.

Basi, waheshimiwa, shida yetu ni hii: kijana huyu atamaliza masomo yake mwaka ujao, naye huenda akaenda mbali kutafuta kazi. Kazi iliyojengwa juu ya mabega ya mtu mmoja huondoka naye. Kwa hiyo twaomba mkutano huu uamue mambo matatu. Kwanza, chama kiombe chumba chenye taa kwa ajili ya masomo ya jioni wakati wa likizo. Pili, kila mwanafunzi wa chuo aliyesaidiwa karo na chama hiki awasaidie wadogo watano kila likizo. Tatu, wazee wetu waseme na wazazi ambao watoto wao wameonekana mashambani saa za shule. Kwa maana neno la mzee hufika mahali ambapo barua ya karani haifiki.

Wala gharama yake si kubwa. Mkono mmoja haulei mwana, nasi tu wengi.