Jumamosi ya baba

Mazungumzo ya kamati ya familia kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Mapinga, Bagamoyo

Tumeombwa kuzungumza juu ya malezi ya watoto. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya malezi katika semina zetu, na wengi wenu mnayafahamu kuliko sisi. Kwa hiyo tumeona afadhali tuwaeleze jambo moja tu ambalo kamati yetu ililikosea, ikalazimika kulirudia upya. Ni habari ya baba aliyetengana na mama, binti yao mdogo, na saa chache walizopewa kuonana. Majina hatuyataji, na mambo mengine tumeyabadilisha kidogo ili wahusika wasitambulike.

Mnaijua Mapinga ya leo. Wako wenyeji, Wazaramo, Wakwere na Wadoe, wenye minazi na miembe yao. Wako waliohamia kutoka Dar es Salaam kufuata viwanja, na wako mafundi na vibarua waliokuja kuzijenga nyumba za hao wenye viwanja, nao wakabaki. Mtu analala Mapinga, anafanya kazi Tegeta au Bunju, na wazee wake wako Singida au Mtwara. Nyumba ikivunjika hapa, wale wazee wa pande mbili ambao wangekaa chini ya mti mpaka jambo liishe hawapo. Wanapigiwa simu. Salio likiisha na kikao kimekwisha. Ndiyo sababu watu huja kwa kamati.

Huyu baba ni fundi mwashi. Mama alirudi kwa mama yake mzazi Bagamoyo mjini, anakaanga samaki na kuuza jioni. Walikuwa wameishi pamoja miaka sita bila kufunga ndoa. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Walikuja kwetu kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja na maneno yake. Tuliwasikiliza, tukawakutanisha, tukaandika makubaliano katika kitabu chetu: baba alete shilingi 30,000 kila mwezi, naye atamwona mtoto kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kisha mmoja wetu akashauri tuongeze kifungu: mwezi ambao baba hajaleta fedha, asimwone mtoto mpaka alete. Wote tuliafiki. Tulijiona tumefanya kazi ya maana, maana tunawajua akina baba wanaopenda kubeba mtoto siku ya sikukuu na hawajui bei ya daftari.

Zikaja mvua za masika. Wakati wa masika kazi za ujenzi husimama, anayejenga hangoji kuambiwa. Fundi hakupata kazi, hakupata fedha, na kwa kuwa hakupata fedha, hakwenda. Zilipita Jumamosi nne.

Yaliyotokea katika Jumamosi hizo tulielezwa baadaye na bibi. Alisema mtoto alikuwa akioga mapema, akavaa gauni lake la njano, akaketi barazani na mfuko wake. Ikifika saa saba bibi anamwita, "Mjukuu wangu, njoo ule." Naye anajibu, "Ngoja, bibi, baba anakuja na gari la saa nane." Jumamosi ya nne hakuvaa gauni, wala hakuuliza. Na baba alipofika mwezi uliofuata, akiwa na fedha zake mkononi, mtoto alimwamkia shikamoo kama anavyowaamkia wageni, akarudi nyuma ya kanga ya bibi yake.

Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, alikwenda kumwuliza baba kwa nini hakutuma hata salamu. Alijibu, "Mama, ningekwenda mikono mitupu ningesema nini? Kitabu chenu kimeandika nisiende."

Jibu hilo lilitunyamazisha. Tulikuwa tumemfanya mtoto kuwa rehani. Anayewekwa rehani ndiye aliyekaa barazani na mfuko, wala hakuwa na deni na mtu yeyote.

Tukaamua kusoma sheria, kazi ambayo tungeifanya kabla ya kuandika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaeleza haki za mtoto ambaye wazazi wake wametengana au kuachana. Ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile alichokuwa nacho awali. Ana haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea. Na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi yule mwingine kila anapotaka, isipokuwa pale mpango huo unapovuruga masomo yake. Tazameni maneno yalivyokaa: anayetembelea ni mtoto, na haki ni ya mtoto. Sisi tuliiandika kama zawadi ya baba, ndiyo maana tuliona tunaweza kuizuia. Fedha za matunzo ni wajibu unaodaiwa kwa njia yake, hata mahakamani ikibidi, na mahakama huangalia kipato cha wazazi wote wawili. Hatukuona mahali palipoandikwa kwamba mtoto afichwe mpaka zilipwe.

Hapa wazee wetu watakumbuka sheria iliyotangulia, ambayo hii ya 2009 iliifuta. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, baba hakuweza kuamriwa kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Kiwango hicho kilibaki hapo hapo huku bei zikipanda, mpaka shilingi 100 haikutosha hata nauli ya kwenda kuidai. Kwa hiyo akina mama wanapotuambia kwamba sheria iliwachelewesha, wasemayo ni kweli.

Wapo wanaosema, "Lakini hawa hawakufunga ndoa." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuonekana kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wamefunga ndoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na hata ikithibitishwa vinginevyo, mahakama inaweza kutoa amri kuhusu watoto. Mtoto haulizwi cheti cha wazazi.

Kuna na suala la mila, nalo hapa pwani lina pande mbili. Kwa mila za zamani za Wazaramo, Wakwere na Wadoe, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Baba yetu fundi ametoka bara, ambako kwao mtoto ni wa baba, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika hivyo kwa makabila ya upande wa baba. Basi katika kikao kimoja mjomba alisema mtoto ni wetu, na baba akasema mtoto ni wetu, na kila mmoja alikuwa akisema kweli ya kwao. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama izingatie mila za jamii ya wahusika na matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake. Lakini yote hayo yanakuja nyuma ya ustawi wa mtoto.

Wageni wetu asubuhi mlitembezwa misheni ya Bagamoyo, mkaelezwa jinsi mapadre walivyofika mwaka 1868 na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walipata chakula, shule na ufundi. Ukoo hawakupata, maana hakuna aliyejua walikotoka, na walipokua waliozwa wao kwa wao wakaanzisha vijiji. Mji huu basi ulishawahi kuona maana ya mtoto asiye na wa kumwita shangazi. Huyu wetu anao wote, wako hai, tena kwa nauli ya daladala moja.

Tulifuta kile kifungu. Jumamosi ikabaki Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Matunzo yakaandikwa ukurasa mwingine: miezi ya kazi baba atoe zaidi, miezi ya masika apunguze, na mama akitaka kwenda kwa afisa ustawi wa jamii asizuiwe na mtu wa kamati. Baba akishindwa kufika, apige simu kabla ya saa mbili asubuhi na azungumze na mtoto mwenyewe, siyo kutuma ujumbe kwa mama.

Palitokea tatizo ambalo hatukulitegemea. Baba hakujua afanye nini na mtoto kwa saa sita. Mwanzoni alimpeleka kula chipsi na soda, fedha zikaisha saa sita mchana, wakabaki wanatazamana. Bibi ndiye aliyemwambia, "Mkwe, mtoto hakuja kula mfuko wako. Kaa naye." Sasa hukaa kwa bibi, au huteremka ufukweni kutazama ngalawa zikirudi na mnada wa samaki. Humsomesha daftari lake. Siku moja alikuja na begi la kazi, mtoto akachukua pima maji, akazunguka nyumba nzima akipima. Akagundua kwamba kiti cha bibi kimelala upande. Baba akakitengeneza siku hiyo hiyo.

Kulala kwa baba hatukuruhusu mwanzoni, na tunalisema wazi kwa sababu tuliulizwa na wengi. Anaishi chumba kimoja cha kupanga, choo cha jumuiya, wapangaji wanaume sita. Hatukumtuhumu, tuliangalia mahali. Shangazi wa mtoto alipohamia Kerege, mtoto akaanza kulala kwa shangazi, baba akafika huko.

Wala msiondoke hapa mkidhani kila baba apewe Jumamosi. Tulikuwa na shauri jingine ambalo baba alimpiga mama mbele ya watoto. Hilo hatukulisuluhisha barazani. Tulilipeleka polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwa ustawi wa jamii, na kuonana kukasubiri uamuzi wao. Kamati inayopatanisha kila kitu huweza kumrudisha mtoto penye hatari huku ikimshukuru Mungu.

Kwa wafadhili tuna ombi dogo. Katika bajeti tuliyowapelekea mmeona mstari wa "nauli na chai", na mmoja wenu aliuliza kwa barua kama huo ni mradi. Ni nauli ya mjumbe anayekwenda Bagamoyo kukaa barazani wakati wazazi hawaaminiani bado. Miezi miwili mitatu, kisha hahitajiki tena.

Kesi yetu haijaisha. Binti atatimiza miaka saba mwezi ujao. Ndugu wa baba wamepiga simu kutoka bara wakisema muda wa mama umekwisha, mtoto apelekwe kwao akasome. Wengi hapa wanaamini hivyo, kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Sheria ya Ndoa haisemi hivyo. Inasema huchukuliwa kuwa ni vyema mtoto aliye chini ya miaka saba awe na mama, na hata hilo laweza kupingwa; tena inaonya juu ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Baba mwenyewe hataki apelekwe, ila anaogopa kuwaambia kaka zake.

Tumewaita wote Jumamosi hii, saa nne, barazani kwa bibi, na kaka mkubwa anasafiri kuja. Baba ameomba kikao kisipite saa sita, kwa kuwa amemwahidi mtoto kwamba watakwenda kuona ngalawa.