MPIMAJI WA AKILI NAYE HANA BUDI APIMWE



Kuna neno moja la vyuo vikuu ambalo limewapotosha watu wengi. Mtu akisikia kwamba kijana fulani anasomea shahada ya onazi, hudhani kijana huyo ametunukiwa heshima, kama kiongozi mstaafu anavyovishwa joho siku ya mahafali kwa ajili ya kazi aliyokwisha kuifanyia jamii. Hiyo ndiyo shahada ya heshima, nayo haisomewi. Onazi husomewa, tena kwa jasho.

Maana ya onazi hutofautiana nchi na nchi. Nchini Uingereza shahada ya kwanza yenyewe kwa kawaida huwa ni ya onazi, na mhitimu hupangiwa daraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, au la tatu. Afrika Kusini utaratibu ni mwingine. Mwanafunzi hukamilisha kwanza shahada ya miaka mitatu, kisha huomba nafasi ya mwaka wa nne, na mwaka huo wa nne ndio onazi. Mazungumzo haya yanahusu mwaka huo, katika somo la saikolojia, nchini Afrika Kusini. Kwa sababu historia ya nchi hiyo inaonyesha dhahiri kwamba ujuzi wa kupima akili ya binadamu unaweza kumfungulia mtu mlango, na unaweza pia kumfungia.

Je, ni mambo gani yanayosomwa? Kwa kanuni za elimu ya juu za nchi hiyo, onazi haina budi kuwa na krediti zisizopungua 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa ni kazi ya saa 10. Hizo ni saa 1,200 za kusikiliza mihadhara, kusoma na kuandika. Kati yake, krediti zisizopungua 30, yaani saa 300, ni za utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Masomo ya kawaida ni nadharia za nafsi, magonjwa ya akili, upimaji, takwimu na njia za utafiti. Wako wanaoingia wakidhani watafundishwa kusoma mawazo ya watu usoni. Kijana aliyezikimbia hesabu sekondari huzikuta zinamngoja chuoni.

Utafiti nao una nidhamu yake. Mwanafunzi huchagua swali dogo linaloweza kujibiwa kwa muda alio nao. Husoma yale waliyoandika waliomtangulia. Hupeleka mpango wake mbele ya kamati ya maadili, na hana ruhusa ya kumhoji mtu kabla mtu huyo hajaelezwa kusudi la utafiti na kukubali kwa hiari yake. Akikubali leo na kesho akakataa, huachwa aende zake. Ndipo mwanafunzi hukusanya habari, huzichambua, na hueleza si yale tu aliyoyaona, bali pia yale ambayo utafiti wake hauwezi kuyathibitisha.

Lakini kiini cha mwaka huo ni mambo mawili: uthabiti wa kipimo na uhalali wake. Muuza sukari sokoni anaweza kuwa na mizani inayosema kilo mbili kila mara inapowekwa mzigo uleule. Mizani hiyo ni thabiti. Kumbe mzigo wenyewe ni kilo moja na nusu! Uthabiti wake haukuifanya iseme kweli. Vivyo hivyo mtihani wa akili unaweza kutoa jibu lilelile kila mwaka, na jibu hilo likawa ni la uongo kila mwaka. Mtoto akiulizwa kuhusu vitu ambavyo hajapata kuviona, kwa lugha ambayo haisemwi nyumbani kwao, akakosa, kilichopimwa si akili yake. Kilichopimwa ni umbali kati ya nyumba yao na nyumba ya mtunga mtihani.

Afrika Kusini ililipia kosa hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1939 mtafiti aliyeitwa M. L. Fick alitoa kitabu kuhusu uwezo wa Mwafrika wa kuelimika. Aliwapima watoto wa Kiafrika kwa mitihani ya akili, akawalinganisha na watoto wa Kizungu, akahitimisha kwamba watoto wa Kiafrika wamepungukiwa kwa asili. Mwaka 1943 mwanasaikolojia mwenzake, Simon Biesheuvel, alimjibu kwa kitabu kizima. Alionyesha kwamba chakula, shule, hali ya nyumbani na mazoea ya kufanya mitihani vyote huingia katika jibu la mtoto, na kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa watu wa mazingira fulani hakiwezi kuhamishiwa kwa watu wa mazingira mengine kana kwamba ni futi kamba. Bahati mbaya, majibu ya kitaalamu hayakuizuia siasa.

Hapa inafaa kumtaja Hendrik Verwoerd. Wengi wanamfahamu kama waziri mkuu wa makaburu tangu mwaka 1958 hadi alipouawa mwaka 1966. Wachache wanafahamu kwamba mtu huyu alikuwa mwanasaikolojia. Alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 1924, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 akawa profesa wa saikolojia hapo hapo. Tena la kustaajabisha ni kwamba, wanahistoria waliochunguza mihadhara yake ya wakati ule wameona kuwa hakuwafundisha wanafunzi kwamba jamii za watu zimetofautiana akili kwa kuzaliwa. Alilijua hilo. Hata hivyo, alipokuwa waziri wa mambo ya wenyeji, ilipitishwa mwaka 1953 sheria ya elimu ya Kibantu, iliyoziweka shule za Waafrika chini ya wizara yake na kuwapangia watoto elimu ya kuwaandaa kwa utumishi wa chini. Sheria hiyo na nyongeza zake ndizo zilizowatoa barabarani wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976. Baadhi ya vijana waliokimbia nchi baada ya hapo walikuja kusoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya chama cha ukombozi cha ANC.

Funzo lake ni kubwa. Elimu peke yake haimzuii mtu kudhulumu. Verwoerd hakukosa shahada wala hakukosa takwimu. Alichokosa ni kumkubali mwenzake kuwa binadamu sawa naye.

Wenzake wa fani hiyo nao hawakusalimika. Mwaka 1962, chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo kilipofungua mlango kwa wasio Wazungu, baadhi ya wanachama walijitoa wakaunda chama chao cha Wazungu watupu. Wataalamu wa nafsi za watu wakashindwa kukaa chumba kimoja na watu! Chama kilichokusudiwa kuwaunganisha wote kiliundwa mwaka 1994.

Katika giza hilo alipita Chabani Manganyi, aliyezaliwa mwaka 1940. Alisoma Turfloop, chuo kilichotengwa kwa ajili ya Waafrika, na mwaka 1970 akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Mafunzo yake ya kazi aliyafanya katika hospitali ya Baragwanath, Soweto, kwa kuwa milango mingine ilikuwa imefungwa. Mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu maana ya kuishi ukiwa Mweusi duniani, na baadaye alisimama mahakamani kama shahidi mtaalamu katika kesi za kisiasa, akiwaeleza mahakimu jinsi dhuluma inavyomuumba mtu. Nchi ilipopata uhuru wa kweli mwaka 1994, aliteuliwa kuwa mkurugenzi mkuu wa idara ya elimu. Alifariki mwaka 2024. Elimu ileile iliyokaa mikononi mwa Verwoerd ilikaa pia mikononi mwa Manganyi, na kila mmoja akaifanyia kazi yake.

Funzo hilo sasa limo katika sheria. Sheria ya usawa wa ajira ya mwaka 1998 inakataza kumpima mfanyakazi kwa vipimo vya saikolojia isipokuwa kama vimethibitishwa kitaalamu kuwa halali na thabiti, vinaweza kutumiwa kwa haki kwa wafanyakazi wote, na haviwaonei watu wa kundi lolote. Kwa hiyo mwanafunzi wa onazi anapohangaika usiku na hesabu za uhalali wa kipimo, hafanyi mchezo wa namba. Anajifunza jambo ambalo ajira ya mtu inaweza kulitegemea.

Lakini kazi haijakwisha. Mhitimu wa onazi haruhusiwi bado kujiita mwanasaikolojia. Jina hilo linalindwa na sheria, na hulipata yule tu aliyeandikishwa katika baraza la wataalamu wa afya. Ili afike huko, atahitaji shahada ya uzamili ya kitaalamu na mafunzo ya kazi ya miezi 12. Na akichagua tiba hospitalini, ataongeza mwaka mmoja wa kuutumikia umma. Nafasi za uzamili huo ni chache mno kuliko waombaji. Vijana wengi wenye onazi safi husimama mlangoni mwaka baada ya mwaka, na wasio na fedha za kungoja huondoka kwanza.

Hasara hiyo haimwangukii kijana peke yake. Nchi hiyo ina lugha rasmi 12, na mgonjwa wa akili hawezi kupigwa picha ya eksirei; hutambuliwa kwa maneno yake. Imetokea katika hospitali za magonjwa ya akili za nchi hiyo muuguzi, au hata mfagizi, kuitwa ili amtafsirie daktari siri za mgonjwa. Kila kijana mwenye lugha ya wanyonge anayerudishwa mlangoni humwacha mgonjwa mmoja zaidi azungumze kwa mdomo wa mtu mwingine.

Ndugu walimu, ndugu watumishi, kupima watu si kazi ya wanasaikolojia peke yao. Mwalimu anayeandika katika ripoti ya mtoto kwamba ni mzito wa kuelewa, amepima. Afisa anayemkataa mwombaji kazi kwa sababu hakujieleza vizuri, amepima. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi kabla kalamu haijaandika kwamba mtoto ameshindwa, mwenye kalamu na ajiulize lile swali ambalo wanafunzi wa onazi hulitumikia mwaka mzima: je, ni mtoto aliyeshindwa, au ni mizani?