Minyoo Nayo Husemezana

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa)



Mada niliyopewa ni minyoo. Naona wengine mmeshakunja nyuso, mwasema futari yaja na huyu atutajia chango! Niwieni radhi. Lakini mwezi huu twashughulika na matumbo yetu kuliko miezi mingine yote, basi afadhali tujue ni nani mwengine aliyemo humo ndani.

Kuna gonjwa moja ambalo wazee wetu walishalipa jina zamani: safura. Mtu hupauka, viganja vikawa vyeupe, akipanda ngazi mbili tatu ahema, akikaa kidogo asinzia. Hiyo ni kazi ya mnyoo mdogo, urefu wake kama sentimita 1, anayeng'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Aina moja ya mnyoo huyu hunywa kiasi cha mililita 0.03 kwa siku. Ni kidogo? Haya, piga hesabu. Minyoo 100 hunywa mililita 3 kwa siku, na kwa mwezi ni mililita 90. Hicho ni zaidi ya kikombe cha kahawa chungu, na si kahawa, ni damu! Msichana aliyeanza hedhi, au mama mjamzito, hana damu ya kugawa namna hiyo. Sasa dada kama huyo akianguka kizunguzungu mchana wa Ramadhani, nyumba nzima husema ni saumu. Huenda ni saumu kweli. Na huenda ni safura, ambayo haijali kama mtu amefunga au amekula, maana chakula chake si sambusa.

Lakini hebu jiulizeni. Mwili una askari wake. Ukichomwa na mwiba wa samaki, kidole hufura siku hiyo hiyo. Vipi basi mnyoo mwenye urefu wa shibiri nzima, kama lile chango kubwa, akae tumboni mwaka mzima na mwili usimtoe? Wataalamu wamelichunguza suali hili miaka mingi, na jawabu walilolipata ni la ajabu: humo ndani kuna mazungumzo. Kuna ujumbe watoka, kuna ujumbe wafika, na kuna ujumbe wa uongo.

Tuanze na mwili wetu. Katika ukuta wa utumbo kuna seli chache zenye kishungi kichwani. Zilijulikana kwa miaka mingi bila mtu kujua hasa kazi yake ni nini. Mwaka 2016 ndipo makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yalipoonyesha kwa kutumia panya kuwa seli hizi ni walinzi. Zikihisi mnyoo hupiga mbiu kwa kemikali, askari wa kinga huitika, na utumbo huanza kutoa ute mwingi na kujikaza ili umfagie mgeni nje. Kama mwenye nyumba anayemwaga ndoo ya maji sakafuni na kusukuma kwa fagio mpaka mlangoni.

Mnyoo naye hakubali kufagiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh, kule Scotland, walieleza kuhusu mnyoo mmoja wa panya anayetoa vifuko vidogo mno, ambavyo hata kwa darubini ya kawaida huvioni. Ndani yake mna protini na vipande vya maandishi ya urithi. Vifuko hivi huingia katika seli za utumbo, na vikishaingia hunyamazisha ile kengele ya hatari. Haikuishia hapo. Mwaka 2017 ilielezwa kuwa mnyoo huyo huyo hutengeneza protini inayofanya kazi ya ujumbe wa mwili wenyewe, ule unaowaambia askari, "basi, tulieni." Wallahi mimi nilipoisoma habari hii nilimfikiria mtu aliyechonga muhuri wa forodha, apita getini Kilindini na mzigo wake, na askari ampigia saluti!

Na wao kwa wao je? Huko nako kuna maneno. Chukua amiba. Huyu akitaka kutoka nje ya mwili hujifunga ndani ya ganda gumu. Watafiti walimsoma amiba wa aina inayokaa matumboni mwa reptilia, wakaona kuwa vifuko vya wale walioanza kujifunga huwahimiza wenzao wajifunge, na vifuko vya wale ambao bado wako kwenye shughuli zao huwazuia. Twaweza kusema wanashauriana safari! Kijidudu kingine kiitwacho giardia, kinacholeta kuhara kwenye harufu mbaya na gesi nyingi, nacho hutoa vifuko. Katika maabara vilionekana kuwasaidia wenzake kushika vizuri zaidi kwenye seli za utumbo.

Mengi ya haya yamejulikana kwa panya na kwa vyupa vya maabara, si kwa tumbo la binadamu. Mtu asije akakuuzia dawa ya "kukata mawasiliano ya minyoo." Haipo.

Iliyopo ni ile ya kawaida, na hapa nawataka mnisikilize sana. Jirani zetu wa Kwale walishiriki utafiti mkubwa ulioitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, kati ya 2015 na 2017. Matokeo yake yalichapishwa 2019. Mahali walipopewa dawa watoto peke yao mara moja kwa mwaka, watu wenye minyoo ya safura walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Mahali walipopewa watu wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Mwaiona tofauti? Sisi tumezoea kumpa mtoto kidonge, baba akajiona yeye hahusiki. Kumbe baba ndiye ghala.

Msiniambie Mji wa Kale ni mawe na saruji. Safura huingia kwa nyayo zilizokanyaga udongo wenye kinyesi, kweli, na nani kati yetu hana shamba au jamaa ng'ambo ya pili? Chango haliulizi udongo wa nani. Jike moja hutaga mpaka mayai 200,000 kwa siku, nayo hutufikia kwa mikono na kwa mboga. Ile kachumbari ya futari iliyooshwa kwa haraka kwa sababu adhana i karibu, itazameni tena. Sukari haizai minyoo, jamani, mwaionea kaimati bure.

Dada aliyepauka apelekwe hospitali apimwe damu na choo, asingojewe mpaka Idi. Kidonge cha minyoo humezwa hata usiku baada ya futari. Mama aliye katika miezi 3 ya kwanza ya mimba asikimeze kabla ya kuonana na daktari. Giardia na amiba zina dawa zake nyingine, na msizinunue kwa kukisia dukani. Na maji ya kisima, au ya mkokoteni usiyejua ulikojaza, yachemsheni hata kama yametiwa dawa. Ganda la giardia huvumilia klorini kuliko bakteria wengi, lakini maji yanayotokota haliyavumilii.

Zimebaki dakika chache. Nani ana suali?