Gazeti la Jioni Lililokufa na Tuzo Zake: Sisi Tunajifunza Nini?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana kuhusu vyombo vya habari)



Nimepewa dakika chache kuongelea uhuru wa habari. Najua wengi mlitegemea nianze na sheria, vifungu na faini. Hayo wanasheria wetu wameyamaliza asubuhi, na wameyasema vizuri. Mimi nataka niwape stori ya gazeti moja la jioni la mji wa Chicago, Marekani, ambalo leo halipo. Liliitwa Chicago Daily News. Halikufungiwa na serikali, na hakuna waziri aliyeliandikia barua ya kujieleza. Wasomaji walipungua, likafa. Ndiyo maana nimelichagua.

Lilianza mwishoni mwa 1875. Kijana mmoja, Melville Stone, hajafika hata miaka 30, aliamua kuuza gazeti kwa senti moja ili kibarua akitoka kiwandani aweze kulinunua. Mwaka uliofuata akaingia Victor Lawson, mtu wa hesabu, akashika biashara. Mji ulikuwa na magazeti mengi na wizi wa habari ulikuwa kama kawaida. Mnajua kunakili na kubandika? Haikuanza na simu zenu!

Stone alisimulia mwenyewe jinsi alivyowanasa majirani. Ndugu wa ukoo wa McMullen, wenye gazeti la Post and Mail, walikuwa wanachukua habari zake bila aibu. Akatunga taarifa ya uongo kutoka Serbia, ndani yake akaweka maneno yaliyofanana na lugha ya huko. Jamaa wakaichapa kama ilivyo. Kumbe ukiyasoma maneno yale kinyumenyume ni Kiingereza, yanasema akina McMullen hii lazima wataiiba. Mji mzima ukacheka. Mwaka 1878 gazeti lile likawa limenunuliwa na Stone na Lawson.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Julai 1919 Chicago iliwaka moto kwa ghasia za ubaguzi wa rangi. Walikufa watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15. Lakini kabla ghasia hazijaanza, mwandishi wa gazeti hili, Carl Sandburg, ambaye wengi wanamjua kama mshairi, tayari alikuwa anazunguka mitaa ya Weusi na kuandika kuhusu kodi za nyumba, msongamano na kazi. Aliyetaka kujua kwa nini mji umefika pale alikuwa na pa kusoma.

Halafu kuna hili ambalo naomba mlisikilize vizuri. Mwaka 1949 mwandishi wao George Thiem, akishirikiana na Roy Harris wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, waligundua kwamba waandishi na wahariri 37 wa jimbo la Illinois walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali ya jimbo. Yaani mtu anaamka asubuhi, anaandika kuhusu gavana, na mwisho wa mwezi gavana huyohuyo anamlipa. Magazeti yale mawili yakaichapa habari hiyo. Jamani, walikuwa wanawataja watu wa kazi yao wenyewe! Mwaka 1950 wakapewa tuzo ya Pulitzer ya utumishi kwa umma.

Mwaka 1956 wakamgeukia mkaguzi wa fedha wa jimbo, Orville Hodge. Huyu ndiye aliyekabidhiwa kulinda mlango wa hazina, kumbe ndiye anayechota. Hundi za serikali ziliandikwa kwa majina ya watu wasiodai kitu, na fedha ikaishia kwake. Zaidi ya dola milioni 2 za wananchi. Alikuwa anaota ugavana, akaishia gerezani. Gazeti likapata Pulitzer nyingine mwaka 1957.

Na miaka ya 60 na 70 alikuwepo Mike Royko, mwandishi wa safu. Meya Richard J. Daley aliushika mji tangu 1955 mpaka alipofia madarakani 1976, na chama chake kiligawa ajira za mji kama pipi. Royko alimwandika meya bila kumung'unya maneno, kwa lugha ya watu wa baa na vituo vya basi. Alipata Pulitzer yake mwaka 1972.

Miaka sita baadaye, tarehe 4 Machi 1978, gazeti likatoka kwa mara ya mwisho. Kichwa cha habari kiliuaga mji: kwaheri, Chicago.

Kilichotokea ni hiki. Gazeti la jioni liliishi kwa mtu anayerudi nyumbani na treni, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine gazeti. Watu wakahamia vitongojini, wakaanza kuendesha magari. Malori ya kusambaza yakakwama kwenye foleni ya alasiri. Na mtu akifika nyumbani, televisheni inamsomea habari za leoleo bure. Matangazo yakafuata watu. Mmiliki alikuwa pia na gazeti la asubuhi, Sun-Times, akabaki na hilo.

Wale waliokua Dar wanakumbuka Alasiri na Dar Leo zikiuzwa kwenye foleni. Leo ziko wapi?

Makamanda, nina maneno mawili tu. La kwanza: kila asubuhi kwenye makundi yetu tunatumiana picha za kurasa za mbele za magazeti. Tunasoma vichwa vya habari, tunashangilia, tunatukana, tunasonga mbele. Aliyenunua nakala ni nani? Mwandishi anayekaa miezi mitatu akifukua hundi anakula nini? Msomaji asipomlipa, atalipwa na mwingine, na huyo mwingine ana shida zake.

La pili ni gumu zaidi. Vijana wenzangu wananiambia tunahitaji gazeti letu. Nawauliza: letu maana yake nini? Kama ni la kutusifia sisi na kuwapiga wao, hilo ni orodha ya mishahara ya Illinois, limebadilika rangi tu. Tukiita mkutano na waandishi, ile bahasha ya nauli inatoka wapi na inanunua nini? Mwandishi anayechukua yetu leo atachukua ya wenye nyingi zaidi kesho, na sisi hatuna nyingi. Gazeti ninalolitaka mimi ni lile litakalouliza fedha za michango yetu zimekwenda wapi, na tukajibu bila kulisusa.

Kwa hiyo naleta pendekezo kwenye kikao hiki. Kila tawi lichague chombo kimoja kinachochunguza kweli, lilipie kila mwezi hata kama ni kidogo, na bahasha kwenye mikutano yetu zikome. Mjadala uko wazi. Anayepinga asimame, nitamsikiliza.